Fundi Kufuli Aliyeibiwa Kwake

Mimi nimeona mengi. Nimeona jogoo akitaga yai na akaona haya mwaka mzima. Nimeona mvua ikinyesha upande mmoja wa kamba ya nguo, upande wa pili shati limekauka na linadai pasi. Lakini siku mchwa walipokula fedha za Komeo nilibaki mdomo wazi, nzi akaingia, akatembea, akatoka kwa wakati wake.

Komeo alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, akikohoa yeye, maji nakunywa mimi. Kazi yake ilikuwa kufuli. Alikuwa na kibanda cha bati mbele ya nyumba, meza nzito yenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha kushikia kitu kisicheze, na waya mrefu uliotundikwa funguo za kila namna. Aproni yake iling'aa kwa unga wa chuma. Mkewe alikuwa fundi cherehani, nasi tulimwita Mama Sindano. Watoto wao wa kike walishaolewa mbali, mume na mke wamebaki wawili tu na cherehani yao.

Jina la Komeo hakulipata kwa kazi peke yake. Mtu yule alikuwa mkono wa birika. Kopo la sukari lilikuwa na kufuli, la chumvi vilevile. Mboga ikichemka, Mama Sindano hana budi kwenda kibandani kuomba ufunguo wa chumvi, na akirudi mboga imeshaungua. Kuku wao, naapa, alikuwa akitaga anakaa juu ya yai akitazama mlangoni mpaka Komeo aje alifungie.

Na bei zake sasa. Ukipoteza ufunguo ukamwita akufungulie mlango, alitazama mbinguni kwanza. Akiona wingu, bei inapanda. Kama ndani kuna mtoto analia, inapanda tena. Watu walimlipa huku wakimwombea mabaya, naye fedha akizipeleka kwenye sanduku lake la mbao chini ya kitanda. Sanduku hilo alilitengenezea kufuli mwenyewe, akajisifu mtaa mzima kwamba hakuna mwizi aliyezaliwa wa kulifungua.

Alisema kweli, maana hata yeye lilimshinda. Siku moja ufunguo ulivunjikia ndani. Alihangaika nalo tangu asubuhi, jasho linamtoka kama anazaa, mwishowe akalitoa uani akachukua msumeno wa chuma. Tukakusanyika, nani akose. Kufuli likaanguka, akafunua kifuniko, akatumbukiza mikono yote miwili, akaitoa imejaa vumbi. Mchwa walikuwa wametoboa sakafu, wakatoboa mbao za chini, wakala noti zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Kufuli lilikuwa juu, wao walipita chini. Wale mchwa walikuwa wameshiba hata kutembea walitembea kitajiri, matumbo mbele.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Mama Sindano alikaa chini akacheka mpaka machozi, na sikujua mwisho wa kicheko uko wapi wala mwanzo wa kilio. Komeo alitazama viganja vyake akasema taratibu, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa mlinzi wa chakula cha mchwa."

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, yeye ambaye Jumapili kwake ilikuwa siku nzuri ya biashara. Nikasema ni msiba tu, utapoa. Haukupoa. Jumatatu nikasikia nyundo, nikachungulia, nikamkuta anang'oa kufuli la chumvi. Kisha la sukari. Kisha la mlango wa jikoni. Nilimwuliza kama ana homa. Akaniambia mchungaji amewafundisha kwamba mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, na yule bwana wa kwanza, fedha, mwisho wake ameshauona.

Basi hapo nikaanza kuona vituko. Komeo akiitwa na mama aliyefungiwa nje na mvua inanyesha, anakimbia, anafungua, halafu anasema utoe ulicho nacho, na kama huna, uende salama. Alikuja mtu mmoja amevaa vizuri, anataka afunguliwe nyumba ya marehemu kaka yake kabla mjane hajarudi kutoka mazishini, na fedha aliyoshika mkononi ingeezeka paa jipya. Komeo aliirudisha kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Kila walipopata, sehemu ya kwanza ilikwenda kwa Mungu, ndipo wakatazama iliyobaki inatosha nini. Asubuhi moja unga ulikuwa umekwisha kabisa, na wale watu wakaketi mezani, sahani tupu, wakashukuru. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani nione malaika atakuja na ungo wa namna gani. Akaja mwalimu mkuu, makabati ya shule yamejifunga yote na mitihani imo ndani. Kazi ya siku tatu, na alilipa mapema. Nilirudi kwangu nimenywea, maana nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kuwacheka.

Lakini hayo yote yalikuwa utangulizi. Kituko chenyewe kilikuja na shemeji yake.

Mdogo wake Mama Sindano alikuwa gerezani kwa kuvunja ghala la watu. Alipotoka, hakuna jamaa aliyefungua mlango, wengine walizima hata taa mchana. Komeo alikwenda kumpokea langoni, akamleta nyumbani, akampa chumba cha nyuma. Mtaa mzima ulishika kichwa. Fundi kufuli anafuga mvunja milango, wakasema, hii ni kama paka kumwalika panya, ila hatujui nani paka. Komeo alijibu kwamba kama anamtegemea Mungu kwa chakula, atashindwaje kumtegemea kwa shemeji. Tukamzoea, na kwa kuwa Komeo alimwita Shemeji, mtaa wote, wakubwa kwa wadogo, tukamwita Shemeji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alichota maji, alifagia ua wote mpaka upande wangu, naye akaokoka, japo kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika, na yaliharibika kwa mahubiri mazuri. Mchungaji alifundisha kuhusu kutoa kwa siri. Alisema ukimsaidia maskini usipige tarumbeta, hata mkono wako wa kushoto usipate habari ya ule wa kulia, naye Mungu aonaye sirini atakulipa. Sisi wengine tulisema amina tukaenda kula. Komeo na mkewe walilichukua neno lile kama fundi anavyochukua kipimo. Kila mmoja kwa upande wake, pasipo kumwambia mwenzake, aliazimia kutoa vitu vya nyumbani kwa siri. Maana mke na mume si mwili mmoja? Basi mkono wa kushoto ni nani kama si mwenzako.

Hayo mimi sikuyajua wakati ule. Nilichojua ni kwamba nyumba ya fundi kufuli ilianza kuibiwa.

Lilianza koti la Komeo, lile zito la baridi. Halafu blanketi jipya. Halafu pasi ya mkaa. Halafu viatu vya ngozi ambavyo Komeo alivivaa kwenye harusi tu, vilivyolia kwii kwii kama vifaranga. Mama Sindano akauliza blanketi limekwenda wapi, mumewe akasema hata yeye anashangaa koti limekwenda wapi, wakatazamana, kisha wote wawili wakatazama mlango wa chumba cha nyuma. Watu waliookoka huchelewa kusema, lakini macho hayajui dini.

Mtaa ulisema kwa niaba yao. Wateja wakaanza kupungua kibandani. Nani ampe kazi ya mlango wake fundi ambaye kwake vitu vinatoka kama maji kwenye pakacha? Wazee wa kanisa wakamwita Komeo pembeni, wakamshauri kwamba huruma ni njema ila isiwe ya kijinga, amwondoe yule mtu kabla jina la kanisa halijachafuka. Mama Sindano alikuja kwangu akalia kwenye kanga yangu mpaka ikalowa. Ndugu yake ni mmoja tu, baba na mama walikufa, na kama akifukuzwa hapa, atarudi kwa wale aliokuwa akivunja nao maghala, maana ndio peke yao waliobaki wanaomkaribisha.

Jumamosi Komeo akamwita uani. Mimi nilikuwa naanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Nilimsikia akisema, "Shemeji, mimi nakupenda. Kama ulichukua, niambie, nitakusamehe hapa hapa, na habari itakwisha."

Shemeji aliegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, "Sikuchukua, shemeji."

"Basi nani kachukua?"

Yule mtu alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama chini. Na sisi wote, mimi na nguo zangu, tukahesabu kimya kile kuwa ni ungamo. Komeo akamwambia kwamba Jumatatu itabidi atafute pa kukaa. Alisema kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko matusi.

Jumapili mguu wangu ulikuwa umevimba kama mtungi, sikwenda kanisani. Asubuhi Komeo alikuja kunijulia hali, na katika kunijulia hali akaniomba nimtupie Shemeji jicho, maana amesema haji ibadani. Haikupita muda, akaja Mama Sindano kwa mlango wa nyuma na ombi lile lile, na asiambiwe mumewe. Nikatoa kigoda nikakiweka mahali ninapoona milango yao yote miwili. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mbele, mfuko wake wa nguo miguuni. Hakungoja Jumatatu. Alisema anasubiri tu dada yake arudi amuage.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Naona umewekwa mlinzi."

"Marahaba. Na wewe umewekwa mwizi."

"Basi leo kila mtu ana kazi." Na akacheka, wallahi, kicheko cha mtu asiye na pa kulala. Sikukipenda.

Tukakaa. Nyimbo zilisikika kutoka kanisani, si mbali. Mara namwona Komeo anakuja mbio, tai imeruka begani, ibada haijafika hata sadaka. Akapita pembeni ya Shemeji bila kumtazama, akaingia. Sijafunga mdomo, namwona Mama Sindano anapenya uchochoro wa nyuma, ameshika kitambaa cha kichwa kisianguke, akaingia kwa mlango wa jikoni. Nikasikia chuma kikigonga chuma. Kisha kimya, kimya kile kinachokuambia inuka uende.

Niliingia nikichechemea. Nikawakuta jikoni wameshika sufuria lao kubwa, Komeo sikio hili, mkewe sikio lile, kila mmoja anavuta kwake, na macho yamewatoka kama ya samaki.

"Wewe si ulisema unakwenda msalani?" akauliza Mama Sindano.

"Na wewe si ulikuwa kwaya?"

Ikawa hivi. Kanisani, mjane mmoja anayechemshia wajenzi chai alisimama kuomba maombi, kwamba sufuria lake limetoboka, na bila sufuria hana riziki. Komeo alisikia, akajisemea, nitampelekea letu kwa siri. Mama Sindano alisikia kutoka kwenye kwaya, akajisemea vilevile. Sasa wamekutana.

Komeo akaanza kuelewa, nami niliona uso wake ukibadilika rangi. Akauliza polepole, "Koti langu."

"Nilimpa mlinzi wa shule," mkewe akasema. "Anakesha na fulana."

"Blanketi nililitoa mimi. Nilimpa yule mama aliyejifungua kule mwisho wa mtaa."

Pasi? Mimi, akasema Komeo. Viatu? Mimi, akasema Mama Sindano. Wakaendelea hivyo, kitu baada ya kitu, hadi kijiko cha supu, na hakikubaki kitu hata kimoja cha mwizi. Nyumba ile haikuwahi kuibiwa hata sindano.

Nikakaa juu ya gunia la mkaa. Nilikuwa nimeshangaa mara nyingi katika maisha, ila mshangao ule ulikuwa na ubaridi ndani yake. Kwa sababu, fikirini wenyewe. Komeo alipouliza koti liko wapi, Mama Sindano alijua liko wapi. Mama Sindano alipolilia blanketi, Komeo alijua. Kila mmoja alinyamaza asipoteze thawabu yake. Na kila mmoja, kwa vile vya mwenzake asivyovijua, akasema moyoni, haya basi ameiba Shemeji. Walikuwa wameng'oa makufuli yote ya nyumba, ila kila mmoja alikuwa amebaki na kisanduku kimoja, amekihamishia mbinguni, anakilinda vilevile kama lile la chini ya kitanda. Na safari hii aliyeliwa hakuwa noti, alikuwa mtu.

Wote wawili waligeuka kwa pamoja wakatazama nje, na sufuria bado mikononi. Shemeji alikuwa pale pale kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia yote.

Mama Sindano ndiye aliyeuliza. "Mdogo wangu, wewe ulijua?"

"Nilimwona shemeji na blanketi, alfajiri, nikienda kuchota maji. Na wewe nilikuona ukipitisha koti juu ya ukuta."

"Sasa kwa nini hukusema? Ulikuwa unafukuzwa."

Alikuna kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo dogo. "Dada, mwizi akisema mwenye nyumba ndiye aliyebeba, nani atamsikia? Halafu nikaona, hata mkinisikia, mtaoneana aibu, mtaacha kutoa. Yule mtoto alikuwa analala kwenye gazeti." Akauvuta mfuko wake karibu. "Mimi nilisema Mungu atanionyesha pa kwenda. Mlinifundisha nyie."

Siku zote hizo Komeo alikuwa anajifunza kuishi kwa imani kwa unga uliokwisha na sahani tupu, kumbe mwenye imani alikuwa chumba cha nyuma na alikuwa anamfukuza.

Akamwambia mkewe, shika sikio lako. Wakatoka na lile sufuria, kila mmoja upande wake, kuelekea kanisani. Mguu wangu ulipona papo hapo, udaku ni dawa ambayo hospitali hawana, nikawafuata. Waliingia katikati ya wimbo, wimbo ukafa taratibu benchi baada ya benchi. Walilitua mbele ya yule mjane. Kisha Komeo akageukia watu, na mimi nilijua linamuuma, maana anakwenda kumwaga mbele ya macho ya wote kile alichokuwa amekiweka akiba.

"Nyumba yangu haikuibiwa," akasema. "Vitu vile tulivitoa mimi na mke wangu, kila mtu kwa siri, tukamwachia shemeji yangu aitwe mwizi. Thawabu yangu nimeipoteza leo, na iende. Jina lake nalirudisha."

Mlinzi wa shule akasimama akasema koti analo, alikatazwa kusema, na kama linatakiwa atalileta. Yule mama mwenye mtoto akainamisha kichwa. Wazee wa kanisa walichunguza dari kana kwamba wameona ufa.

Tuliporudi nilikuwa na roho mkononi. Nilidhani tutakuta kizingiti kitupu. Mtu aliyefukuzwa kwa kosa la uongo ana haki ya kuondoka, na mimi ningeondoka, tena ningeondoka na kuku. Alikuwapo. Mfuko ulikuwa bado miguuni, ameushika kamba. Komeo hakusimama mbele yake. Alikaa chini mavumbini na suruali yake ya Jumapili, kando yake. Mama Sindano akakaa upande wa pili.

"Shemeji," Komeo akasema, "sina uso wa kukuomba ubaki. Lakini naomba."

Yule mtu alitazama jikoni, akawatazama wao, akavuta pumzi.

"Mmempelekea mjane sufuria," akasema. "Sasa sisi mchana tunapikia nini?"

Mama Sindano akaanza kucheka, na safari hii nilijua ni kicheko. Komeo alikuwa ameficha uso magotini, mabega yanamtikisika, sikuuliza kwa nini. Shemeji akainuka na mfuko wake akaupeleka ndani, chumba cha nyuma.

Mimi nikaingia kwangu nikatoa sufuria langu nikawapa. La kuazima, nikasema kwa sauti kubwa, watu wote wa mtaa wasikie, maana kwa nyumba ile, usiposema mbele ya mashahidi, kesho utalikuta kwa mjane mwingine.